Uliza Yaya: Mwenyeji wangu hataki nitembee Lubumbashi

Yaya, habari za kazi?

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Mbeya, na kazi yangu ni uwakala wa forodha. Kwa miaka nimekuwa Tunduma nikishughulikia nyaraka za malori yanayotoka Katanga na shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam. Mwezi Mei ofisi ikanileta Lubumbashi nikae hadi mwisho wa mwaka. Jina la mji huu nimeliandika kwenye makaratasi kuliko jina la kijiji cha bibi yangu, ila kuuona kwa macho nilikuwa sijauona.

Nakaa Bel-Air, kwa dada wa bosi wangu. Namwita Mama maana kiumri angeweza kunizaa. Ni mjane, Mmethodisti, mkarimu wa kupindukia. Shida yake ni moja: hataki nitembee. Asubuhi gari ya ofisi inanichukua, jioni inanirudisha. Nikisema nakwenda sokoni, ananiuliza nataka nini, kisha anamtuma mtoto. Nikisema nataka kunyoosha miguu, ananionyesha ua wa nyumba. "Huku si kwenu," ananiambia. "Watakuchukulia hati zako, watakuibia simu, na mimi watu wako nitawaambia nini?"

Kwa hiyo Lubumbashi yangu ni ya dirishani. Nimeona magari yakipita kulia, lakini mengi usukani wake uko kulia vilevile, kiasi kwamba dereva wetu akitaka kulipita lori ananiuliza mimi niliyekaa kushoto kama mbele kuna mtu anakuja. Nimeona kile kilima cheusi na bomba lake refu la moshi, na hakuna aliyenieleza ni kitu gani. Baridi ya Juni imenikuta na blauzi nyepesi kwa sababu nilidhani Kongo yote ni joto na msitu. Noti yangu ya dola ishirini ilikataliwa duka la dawa kwa mchaniko usiozidi punje ya mchele. Na nikifungua mdomo watu wanatabasamu. Muuza vocha mmoja alimwita mwenzake aje anisikilize.

Jumamosi moja mwenzangu wa ofisini, kijana wa hapahapa, alijitolea kunionyesha mji. Alifika akapiga honi getini, nikatoka. Tulizunguka kwa gari, tukala kuku, tukaupita uwanja wa Mazembe kwa nje. Tuliporudi giza lilikuwa limeshaingia, ingawa saa yangu ilionyesha saa kumi na mbili na nusu tu. Tangu siku hiyo Mama amebadilika. Chakula ananiwekea, salamu anaitikia, basi.

Nifanyeje, Yaya? Nitii nikae ndani hadi Desemba? Au nimwambie kwa heshima kwamba nina miaka thelathini na nne, nina mtoto darasa la saba, na nimefanya kazi mpakani usiku na mchana? Na nikipata ruhusa, nianzie wapi? Maana kusema kweli, mpaka sasa Lubumbashi kwangu ni mji wa kuta ndefu na dola, na sitaki kurudi nyumbani na picha hiyo peke yake.

Mgeni wa Bel-Air

*

Mdogo wangu, karibu sana kwetu, hata kama karibu yenyewe imechelewa.

Nianze na ile honi. Umeandika kana kwamba ugomvi wenu na Mama ni juu ya kutembea. Mimi nilipofika kwenye honi nikasimama hapo, nikarudia kusoma. Kijana wa kiume amekuja kwenye lupango, yaani nyumba na ua wake, ya mwanamke mjane. Hakuzima gari, hakushuka, hakuingia, hakutaja jina lake wala la baba yake wala komini, yaani wilaya ya mji, anakokaa. Amepiga honi, na mgeni wa nyumba ametoka akapanda. Avenyu nzima imeona. Halafu giza likaingia na mgeni hajarudi. Unadhani huyo Mama alikaa namna gani jioni ile? Kwetu mgeni hana jina lake mwenyewe kwenye avenyu. Wewe ni "mgeni wa Mama fulani". Likikupata la kukupata, watakaoulizwa ni wenye lupango.

Na hilo la giza nalo lina maelezo. Lubumbashi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, lakini jua halijui mambo ya mipaka. Mwezi Juni kwetu linazama kabla kidogo ya saa kumi na mbili jioni; Mbeya muda huo kwa saa zenu bado watu wanafungasha sokoni. Wewe ulihesabu kwa saa ya mkononi ukaona bado mapema. Yeye alihesabu kwa dirisha. Hapa saa kumi na mbili na nusu ya Juni ni usiku, na usiku katika mji huu watu wamezoea kufunga mageti mapema, kwa sababu ya wezi wanaoingia majumbani. Hofu ya Mama haitoki hewani.

Kwa hiyo ile hotuba ya miaka thelathini na nne na mtoto wa darasa la saba, iache. Anajua kwamba wewe ni mtu mzima. Ungekuwa mtoto angekuchapa yakaisha. Fanya hivi. Jumamosi asubuhi, akiwa ameketi na kazi ya mikono, anachambua sombe, kile mnachokiita kisamvu, au anachagua maharage, vuta kigoda ukae, shika kazi naye. Mwambie: "Mama, siku ile yule kaka alipaswa kuingia akusalimu, na mimi nilipaswa kukuaga vizuri." Usiongeze "lakini". Kisha mwombe ruhusa kijana huyo aje siku nyingine kusalimia tu, bila safari yoyote. Akija, aje na mkate au soda, akae kwenye kiti atakachopewa. Mama atamuuliza baba yake nani, alifanya kazi wapi, walikaa kambi gani. Huu ni mji ambao nusu ya wazee wake walipitia kampuni ya madini ya Gécamines au reli. Hawatazungumza dakika kumi kabla hawajakuta shangazi wanayemfahamu wote wawili. Baada ya hapo honi haitamsumbua mtu.

Jambo la pili: usijichagulie mtu wa kukutembeza. Mwombe yeye akuchagulie. Nina hakika lupango hiyo ina binti wa dada au mdogo wa marehemu mumewe anayesoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wikendi yuko tu. Akikupa huyo, mchukue, hata kama ana maneno mengi. Mkirudi, mletee Mama habari kabla hajaiuliza: tumepita wapi, tumekula nini, nani katusalimia. Baada ya matembezi machache hivyo, atakuwa anakufukuza mwenyewe uende ukamletee samaki wa mikebuka sokoni.

Na safari yako ya kwanza kabisa nakushauri uende naye yeye, kanisani. Vaa kitenge. Ibada zetu ni ndefu, kwaya ni zaidi ya moja, utachoka. Ila mwishoni wageni watasimamishwa wasalimie, na hapo Mama atakutaja mbele ya watu kwamba wewe ni wake. Utashangaa wiki inayofuata ni watu wangapi wa Bel-Air watakujua kwa sura.

Sasa tuingie mjini.

Umesema kuta ndefu na dola. Kuta sitazitetea, mji wa madini una watu wenye kitu cha kulinda, na wewe umeonyeshwa njia ya kwenda na kurudi kazini tu. Dola ndiyo ina hadithi. Miaka ya 1990 mwanzoni pesa yetu ya wakati huo, zaire, ilianguka kiasi kwamba mshahara wa mwezi ulikuwa haufiki mwisho wa wiki. Watu waliokuwa na akiba waliiona ikigeuka karatasi. Faranga ilirudi mwaka 1998, lakini mtu aliyeungua hivyo hakopeshi imani mara ya pili. Ndiyo maana kodi ya nyumba, friji, ada ya shule, vyote utavisikia kwa dola, na nyanya, basi na uniti za simu kwa franga. Tembea na vyote viwili. Noti ya dola ikipita mkononi mwako iangalie pande zote kabla ya kuipokea: ikichanika kidogo, ikiandikwa kalamu, au ikiwa ya sura ya zamani, itabaki kuwa yako wewe. Ile ishirini yako kuna wabadilisha franga wataichukua kwa bei ya chini. Ukiona wanakupunja sana, irudishe Tunduma.

Siku ya kwanza ya kutembea iwe asubuhi, katikati ya mji, kwa miguu. Anzia uwanja wa Posta, kwenye sanamu ya Moïse Tshombe. Hapo simama kidogo. Tarehe 11 Julai 1960 mtu huyu aliitangaza Katanga nchi pekee yake, na mji huu, ukiitwa bado Élisabethville, ukawa makao makuu yake mpaka Januari 1963. Wewe umetoka nchi yenye mtaa wa Lumumba pale Dar es Salaam. Mahali alipouawa Patrice Lumumba usiku wa 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, pako nje ya mji wetu, Shilatembo. Tshombe tumemsimamisha katikati, Lumumba ana kumbukumbu yake porini, na mimi niliyezaliwa hapa bado sijui niyaweke wapi yote mawili. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi mambo haya yana babu wa upande huu na babu wa upande ule. Ukiwa mgeni, sikiliza. Hukumu usiitoe mezani kwa watu wakati bado mnanawa mikono.

Kutoka hapo pita kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, la matofali, kisha nenda makumbusho ya taifa. Uliza wakuonyeshe misalaba midogo ya shaba, ya aina ile iliyochimbuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, kwenye bonde la Upemba. Wazee wetu walifanyia biashara misalaba hiyo karne nyingi kabla ya dola. Hakuna aliyeikataa kwa kuchanika.

Kile kilima cheusi ulichokiona ni takataka za kuyeyushia shaba. Tanuru lilianza kazi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji wenyewe kuanzishwa na reli kufika kutoka kusini. Kila kilichobaki kwenye tanuru kilimwagwa pale, siku baada ya siku, hadi kikawa mlima. Baadaye ikagundulika mna kobalti nyingi ndani, na takataka zikaanza kuchakatwa upya. Kwa hiyo unachokitazama kutoka garini ni mlima unaoliwa. Utazame kwa macho. Picha pale usipige, wala kwenye uwanja wa ndege, daraja, ofisi za serikali au mtu yeyote mwenye sare. Hili ndilo linalowaponza wageni wengi kuliko wezi: simu inatoka mfukoni, mtu anakuja, maelezo yanakuwa marefu na mwishowe yana bei. Watu wa sokoni nao uwaombe kwanza.

Hati za asili ziache zimefungiwa nyumbani, tembea na nakala safi ya pasi pamoja na ukurasa wa viza, na kadi ya homa ya manjano iwe karibu unapovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa. Ukisimamishwa, salimia kwanza, toa nakala, usitoe sauti kubwa, na umwachie yule binti wa nyumbani azungumze. Nchi yako ina ubalozi mdogo hapa Lubumbashi. Nenda ujitambulishe siku ya kazi, simu yao iwe kwenye simu yako na ya Mama. Hilo tu litampunguzia Mama presha zaidi ya maneno yangu yote. Na ukivuka barabara, jizoeze kuangalia kushoto kwanza. Wenzako wengi wa Tanzania huangalia kulia kwa mazoea, na manseba, dereva wetu wa pikipiki ya abiria, anakuja kutoka upande mwingine. Ukipanda pikipiki, patana bei kabla hujakaa, na iwe mchana.

Siku nyingine ndiyo uende Kamalondo, na hapa niruhusu nirefushe kidogo maana ni kwetu. Wabelgiji walipoupanga mji walijenga wao upande wao, sisi wakatuweka kusini, na katikati wakaacha ukanda mtupu wa mamia ya mita ili tusikaribiane. Mtu wa Kamalondo aliyefanya kazi mjini aliuvuka ukanda huo asubuhi na kurudi jioni. Leo umejengwa, lakini ukitembea kwa miguu utauhisi: mistari ya barabara inabadilika, nyumba zinakuwa ndogo na za karibukaribu, muziki unatoka dirishani, na kuta ndefu zimeisha. Watu wako nje. Mama anakaanga, fundi anashona kwenye baraza, watoto wanacheza mpira barabarani na kusogea gari ikipita. Lubumbashi uliyoikosa iko hapo, na katika komini za Katuba na Kenya pia.

Uwanja wa Mazembe, uliozinduliwa mwaka 2011, uko humohumo Kamalondo, si nje ya mji kama viwanja vingi. Na wewe una pasi ambayo haigongwi muhuri: taja Mbwana Samatta. Alikuja kutoka Simba mwaka huohuo wa 2011, akakaa hadi 2016, akatufungia kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2015, na Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Sema umetoka kwa akina Samatta, utapewa kiti. Ila uliza kwanza, mwenye meza ni wa Mazembe au wa Lupopo? Timu zote mbili ni za mwaka 1939, na wewe unayetoka nchi ya Simba na Yanga huhitaji nikuambie zaidi. Kama Mama ni wa Lupopo, basi na lile la kupita uwanja wa Mazembe umeshaelewa.

Kula. Kuku wa kuchoma ulimla, lakini huyo yupo kila mji. Tafuta bukari, ugali wetu, ya moto na sombe yenye mawese, samaki wa kukaanga pembeni, na kama tumbo lina ujasiri, viwavi waliokaushwa na kupikwa na nyanya. Munkoyo, kinywaji chetu cha unga na mizizi, kunywa kwa mtu ambaye Mama anamwamini maji yake. Umeme ukikatika katikati ya mlo, na utakatika, usishangae kwa sauti. Kuna laini iliyovutwa kilomita zipatazo 1,700 kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi ili migodi yetu ipate moto. Vijiji vilivyo chini ya nyaya vinautazama ukipita, na sisi wa mjini tunabahatisha.

Wanaotabasamu ukiongea, wajibu kwa tabasamu. Kiswahili chako kinawafika masikioni kama cha redio au cha mhubiri, na wanataka kukisikia tena. Yule wa vocha alimwita mwenzake kwa furaha. Usianze na bei; anza na salamu ya "jambo", uliza watoto, ndipo useme unachotaka.

Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza vizuri, jakaranda zinachanua kwenye barabara za katikati ya mji. Panga kutembea sana wakati huo. Baridi itakuwa imekwisha. Vitu vya malakite, yale mawe ya kijani, vinunue Desemba karibu na kuondoka, usije ukavinunua sasa kwa bei ya mgeni halafu ukakaa miezi ukivitazama kwa hasira.

Umeniuliza kama utii. Tii mambo mawili: rudi kabla ya giza, na usitoke bila kuaga. Mengine ni mazungumzo. Na kama ukishafanya haya yote, kijana amekuja akasalimia, kanisani umekwenda, binti umetembea naye, na bado Mama anasema ua wa nyumba unatosha, basi usigombane naye. Nyumba ni yake. Mwambie bosi wako, kwa sababu yeye ndiye aliyekupeleka kwa dada yake na ni yeye wa kukutoa bila mtu kuona aibu. Ila kabla hujafika huko uliza ofisi kama italipa garanti, yaani amana ya nyumba ya kupanga. Wenye nyumba wa hapa huitaka miezi kadhaa kwa mpigo, kwa dola, zisizochanika.